Kuku Kwenye Meko ya Mzungu

Mama Okot,

Nyumba haivunjwi. Nimeona nikuambie hilo kwanza, maana nakujua, ungenikatiza: "Wewe Mama Furaha, sema neno, wacha kuzunguka." Basi nimesema. Nyumba yetu ya Kyebando, ile ya mkulima mzungu wa kahawa, inabaki imesimama.

Tangu ulipotutoka nimebaki upande wangu, na chumbani kwako wamepita wapangaji, wengine wastaarabu, wengine Mungu anawajua. Mwaka huu mwenye nyumba akatutangazia kwamba anaibomoa ajenge ghorofa. Dada, nililia. Si kwa ajili ya kuhama. Mtu aliyetoka Bukavu kwa miguu hashindwi kuhama Kyebando. Nililia kwa sababu wewe umezikwa kwenu kaskazini, na siku ile lori lilijaa ndugu zako, mimi nikabaki kwenye veranda na leso mkononi. Kaburi lako sijaliona mpaka leo. Kwangu mimi uko humu ndani. Wakivunja, nitakusalimia wapi?

Kisha akaja binti mmoja wa mambo ya kale, na futi yake na kamera. Akapima kuta, akapapasa mbao za sakafu, akasema nyumba hii ni ya mwanzo kabisa kujengwa upande huu, na inaweza kulindwa, ila lazima aone imebakiwa na nini cha zamani. Wee, nikaanza kuhesabu! Madirisha ya kwanza yaliibwa wakati wa vita. Mabati si yale. Kilichobaki ni yale meko ya ukutani sebuleni, na wewe unajua tulivyoyatendea.

Unakumbuka ulipohamia, mjane wa askari kutoka kambi ya polisi ya Naguru, Okot mgongoni na kuku watatu kwenye kikapu? Uliyatazama ukaniuliza tundu hili la nini. Nikakwambia mzungu alikuwa akiota moto. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Kampala hii? Moto? Huyo mzungu alikuwa mgonjwa." Siku hiyo hiyo kuku wakaingia, ukawafungia wavu, na tangu hapo tukawa tunakula mayai ya sebuleni.

Nikaamua nisimwambie binti. Nilifikiri akijua tumefuga kuku kwenye kitu cha thamani, atasema tumekiharibu, ataondoka zake, na nyumba itavunjwa kwa sababu yetu. Nikasimama pale na uso wa kanisani. Binti akainama, akaingiza mkono kwenye dohani, kule moshi unakopandia, akautoa na unyoya.

Ningesema nini? Nikamwambia yote. Kuku, wavu, mayai. Nikamwambia na siku ya matanga yako, mvua ilivyotufukuza uani, tukawatoa kuku na kuwasha moto mle ndani, kumbe dohani imeziba manyoya. Moshi nyumba nzima! Waombolezaji wakakimbilia mvuani wakikohoa, na dada yako akasema marehemu bado anatufukuza kwenye banda lake. Tukacheka kwenye msiba wako. Nisamehe. Hapana, usinisamehe, wewe ungecheka kutushinda.

Binti alikuwa amekaa sakafuni ananisikiliza. Akasema nyumba si ya aliyeijenga peke yake, na kwamba pale kwenye meko watabandika kibao chenye habari za mkulima na habari zako. Sikuamini masikio yangu. Kisha akauliza, huyo mama aliitwa nani? Mama Okot, nikajibu. Akasema, jina lake mwenyewe.

Nikamwomba anipe siku moja.

Miaka yote ile tukila chumvi moja, tukigawana kipande cha sabuni, na jina lako silijui. Wala wewe langu hukulijua. Nani aliwahi kuuliza? Mtu akishazaa, jina limepatikana. Aibu ilinishika, nikapanda boda mpaka Naguru kumtafuta Okot. Siku hizi naye ni askari, ana kitambi tayari, na anacheka kama wewe. Akanitajia jina, akaniambia na maana yake: mtoto aliyezaliwa mbali na kwao. Nikalirudia njia nzima ya kurudi, nisije nikalipoteza.

Nyumba inageuzwa makumbusho, kwa hiyo sisi wapangaji tunahama mwisho wa mwezi. Nimepata chumba si mbali, na kuku wa uani, vitukuu vya wale wako watatu, nakwenda nao. Nakuahidi kitu kimoja. Kila watakapoifungua nyumba kwa wageni, nitavaa kitenge changu kizuri, nijifanye mgeni kama wengine, nisimame mbele ya yale meko na kuuliza kwa sauti, huyu wa kuku alikuwa nani? Nataka kuwasikia wakikutaja.

Lala salama, Atim. Ni mimi, Esperansi, yule Mama Furaha wako.