Ulinzi Alioomba Baba Dukani

Rumonge, Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imekatika. Maji ya ziwa ufukoni yamekuwa rangi ya chai ya maziwa na milima ya Kongo haionekani kabisa. Mimi niko sawa. Nataka kuanza na hilo, kwa sababu tangu Alhamisi sikuwa sawa.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Yule anayehusika zaidi nimemuuliza kwanza kama naweza kuandika haya, akasema niandike.

Nasoma biolojia Bujumbura, mwaka wa mwisho. Naandika mémoire, ile kazi ya kumalizia masomo ambayo bila hiyo hupati diploma. Yangu inahusu jinsi ndagala, dagaa wa ziwani, wanavyokaushwa kijijini Magara. Kompyuta yangu ni ya mtumba. Baba alininunulia mwaka jana, alipoona nimechoka kupanga foleni ya kompyuta za chuo. Baba anatengeneza injini za mitumbwi, na mashine hii aliichagua kama anavyochagua injini: aliinyanyua kuipima uzito, akaiwasha, akaweka sikio karibu, ndipo akakubali.

Miezi hii kompyuta ilikuwa imelemewa. Nikifungua faili moja naweza kwenda kuchota maji nikarudi. Mega ninazonunua za intaneti zinakwisha sijui zimekwenda wapi. Nikasema ni virusi tu. Mwanafunzi mwenzangu akanipa flash yenye programu ya kuua virusi, ile ya kulipiwa ambayo watu wameivunja ili itumike bure.

Naishi chumba kimoja na Nadège, anayesoma mambo ya kompyuta. Alhamisi aliiona ile flash mkononi mwangu akaichukua.

"Aliyeivunja hii programu, unajua ametia nini ndani?"

Sikujua.

"Basi tuangalie kwanza kilichomo tayari kwenye mashine yako. Ulinzi tutachagua baadaye."

Akakaa kitandani na kompyuta mapajani. Nilikuwa namenya viazi. Baada ya muda kidogo akaacha kubonyeza. Akaniita jina, Mwamini, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Hakukuwa na virusi. Kulikuwa na programu halali kabisa, inayouzwa madukani, ya wazazi wanaotaka kuona watoto wao wanafanya nini. Kila baada ya muda inapiga picha ya kile kilicho kwenye kioo, inaituma kwenye anwani ya barua pepe ya mzazi. Anwani ilikuwa imefichwa. Zilionekana herufi mbili za mwanzo tu, h na a, kisha nukta nyingi.

Baba yangu anaitwa Hamisi.

Nina miaka ishirini na mbili. Nililia kwa hasira, sitaki kudanganya. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, na hicho hata Nadège sikumwambia mara moja.

Wakati wa joto nilishika uvimbe kwenye titi la kushoto, nikioga. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa ulioanzia hapohapo. Nilimuona akiisha. Baba ndiye aliyekuwa akimbeba kumpeleka nje kuota jua, mwishoni. Kwa hiyo nilipoushika ule uvimbe sikumwambia mtu. Nilifungua kompyuta. Niliandika maswali ambayo huwezi kumuuliza mtu aliye hai mbele yako. Je, ukiuma ni afadhali? Je, usipouma? Mtu anaishi muda gani? Siku nyingi nilifanya hivyo, mlango umefungwa, nikidhani niko peke yangu.

Baadaye nilikwenda hospitali. Wakanipima, wakatoa kipande kwa sindano, nikasubiri majibu. Daktari, mama mmoja mpole, akasema si kansa, ni uvimbe usio na hatari ambao wasichana wengi wanao, nirudi auangalie tena baada ya miezi michache. Nilitoka pale nikanunua ndizi mbivu nikazila njiani zote. Nyumbani sikusema neno. Niliona hakuna haja ya kumrudisha Baba kule alikotoka.

Na sasa, kumbe, labda alikuwa ameona kila kitu. Ameona maswali yangu yote, akakaa kimya, na wakati wa vakansi ya chuo tumekula sahani moja akinisogezea minofu ya mukeke, samaki wa ziwani.

Sikujua nimchukie au nimuonee huruma.

Kuiondoa programu kulihitaji neno la siri la mzazi. Nadège alisema anaweza kufuta kompyuta yote na kuanza upya, haina shida. Nikamwambia asubiri. Nilitaka kuuliza kwanza, uso kwa uso. Jana nikaja.

Lazima nieleze kuhusu Hadija. Ni mke wa Baba. Alimuoa mwaka mmoja kabla sijaanza chuo. Hajawahi kunifanyia ubaya, wala mimi sijamfanyia. Tunaheshimiana kama wageni. Tangu ile miezi ya joto alianza kunipigia simu kila jioni. Umekula? Umelala vizuri? Nguvu iko? Nilikuwa nikimjibu kwa neno moja moja, nikidhani ametumwa na Baba kunichunguza.

Baba nilimkuta nyuma ya nyumba, injini imefunguliwa juu ya gunia. Salamu zilikuwa fupi. Nilikuwa nimejipanga kuongea taratibu, nikashindwa.

"Baba, kwa nini unanitazama kwenye kompyuta?"

Akaacha spana. "Nani anatazama?"

Nikamueleza. Picha, anwani, programu ya wazazi. Uso wake ulizidi kupotea kadiri nilivyoongea.

"Mimi niliomba ulinzi," akasema. "Nilimuambia yule wa dukani, mutoto wangu anakaa Bujumbura, mutilie ulinzi wa nguvu. Si kila mutu anasema virusi, virusi? Akasema bon, iko moja nzuri sana, ya wazazi. Nikasema tia hiyo. Mimi si muzazi?"

Nilimtazama. Baba hajui kusema uongo, hata kwa mteja wa injini.

"Akaomba adresi," akaendelea. "Mimi niko na adresi gani? Nikapiga simu hapa nyumbani, Hadija akatoa ya kwake."

Ha. Hadija.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ungo wa mchele mkononi. Alikuwa amesikia yote. Aliweka ungo chini, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaniingiza jikoni, akafunga mlango. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Akanitangulia, kwa sauti ya chini ili Baba asisikie.

"Mwamini, utanigombeza, nitakubali. Lakini nijibu kwanza kitu kimoja. Ile ya kwenye titi. Daktari alisema nini?"

"Si kansa," nikasema. "Wamepima. Si kitu cha hatari."

"Wamepima kabisa? Na sindano?"

"Na sindano."

Akakaa juu ya gunia la makaa, na kitenge chake kizuri. Akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Alhamdulillahi, alhamdulillahi, alisema hivyo mpaka neno likawa pumzi tu. Mimi nimesimama pale kama mlingoti, sijui mikono yangu niipeleke wapi.

Kisha akatoa simu, akanionyesha. Alifikiri lazima nione ndipo niamini. Ujumbe kutoka ile programu ulikuwa umejaa, mstari juu ya mstari, anasukuma kwa kidole na hauishi. Karibu wote ulikuwa kwa herufi nzito nyeusi, kama inavyokuwa barua ambayo haijafunguliwa.

Mwanzoni, akasema, alifungua kadhaa. Aliona samaki, meza za kukaushia, maandishi ya Kifaransa. Akafikiri Baba ndiye anayetaka hivyo, na yeye hakutaka kuingia kati ya baba na mtoto. Akaacha kufungua. Halafu siku moja ya joto akaufungua mmoja kwa kukosea kidole, akaona swali langu. Moja tu. Lile la mtu anaishi muda gani.

"Na uliofuata?" nikauliza. "Hukutaka kujua?"

"Nilitaka sana. Nilikuwa nachukua simu, naiweka. Nikasema hii ni habari ya mwili wake. Akitaka nijue, ataniambia. Mimi nitakuwa napiga tu, nisikie sauti iko namna gani."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningeuliza, ungejua nimeona. Ungesema mwanamuke huyu ananichungulia." Akafuta macho. "Na baba yako ningemuambia nini? Alizika mama yako."

Miezi yote hiyo. Mimi nimeshatoka hospitali, nimeshakula ndizi zangu, nimeshalala usingizi. Yeye huku Rumonge bado anabeba.

Nilikaa naye kwenye gunia. Tulinuka makaa wote wawili.

Baba nilimwambia mwenyewe, jana hiyohiyo. Nilianza na majibu ya daktari, kisha ndipo nikarudi kwenye uvimbe, ili asipate hata dakika ya kuogopa. Alisikiliza akiwa amesimama. Akauliza lini nitarudi kwa daktari. Nikamwambia mwezi ujao. Akasema tutakwenda wote. Akaenda kuosha mafuta ya injini mikononi, akaosha muda mrefu kuliko mafuta yenyewe yalivyohitaji.

Leo tumeshughulikia kompyuta. Neno la siri la mzazi lilikuwa kwenye ujumbe wa kwanza kabisa, ule wa kumkaribisha Hadija, kwa hiyo ilibidi asukume chini, chini, mpaka kidole kikachoka. Nadège alikuwa kwenye simu, sauti imewekwa kubwa, akituongoza. Programu iliondoka. Hadija akafuta ule ujumbe wote bila kuambiwa. Kisha Nadège akasema kwa kuwa mashine ni ya mtumba, na dukani walitia vitu bila kuuliza, afadhali tusafishe yote na kuanza upya. Kabla ya kufuta tuliweka mémoire na picha za Magara kwenye diski ya nje. Diski hiyo itabaki hapa, kwenye kabati ya Baba. Amefurahi kupewa kazi.

Kuhusu ulinzi nilikuwa nikidhani ni kununua kitu kikubwa chenye jina. Nadège akanicheka. Mfumo wa kompyuta unakuja na ulinzi wake wa virusi, wa bure, na kwa mwanafunzi kama mimi unatosha, mradi uwashwe, na mradi masasisho nisiyaahirishe kila siku kama nilivyozoea. Niwe na mmoja tu, kwa sababu ukiweka programu mbili za ulinzi zinapigana zenyewe, na mashine ndiyo inayoumia. Programu ya kuandikia tumechukua ya bure, kutoka kwa wanaoitengeneza wenyewe. Ile flash ya kuvunjwa Nadège hajanirudishia na sitaiomba.

Kila programu tuliyotaka kuweka, Baba aliuliza swali lilelile: "Hii inatuma kitu kwa mutu?" Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nikaona ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa leo, na mimi mwenye miaka mitatu chuoni sikuwahi kuliuliza.

"Murakoze cane, mukobwa wangu," akamshukuru Nadège kwa Kirundi mwishoni, akiinamia simu kana kwamba anaona.

Kompyuta sasa inafunguka upesi. Nimefungua faili la ndagala, nikalifunga, nikalifungua tena, kwa raha tu.

Kitu cha mwisho kilikuwa neno langu la siri. Hadija alikuwa amekaa karibu yangu kwenye mkeka, magoti yetu yanagusana, na kioo kilikuwa mbele yetu wote. Kisanduku kilipotokea, niliweka vidole kwenye herufi. Aligeuka mwenyewe. Aligeuza uso wote mpaka ukutani, akaanza kuangalia kalenda ya mwaka uliopita kama vile ina habari.

Ningeweza kumwambia haina shida. Nilikaa kidogo nikamtazama kisogoni, pale kilemba kilipofungwa. Kisha nikaandika neno refu, taratibu, nikalirudia.

"Umemaliza?" akauliza, bado anaangalia ukuta.

"Nimemaliza."

Nimekuwa nikijiuliza tangu mchana. Ujumbe wote ule ungekuwa mfukoni mwangu, na habari za mtu ninayehofia maisha yake ndani, na kidole kimoja tu kati yangu na kujua. Ningeweza kuuacha? Nadhani ningefungua. Nadhani watu wengi wangefungua, na wangesema ni kwa upendo.

Nashukuru simu ile ilikuwa ya Hadija.