Mama na Mapile ya Radio

Kasongo, siku ya tano, jioni

Zaina amebusu ordinatere, kompyuta yetu, sasa hivi, ameacha mate kwenye kioo. "Bibi! Bibi!" Ule si bibi yake hata kidogo. Nimemuondoa, amelia.

Mama alikufa mbele Zaina azaliwe, na hatuna hata foto yake moja. Mutoto amebeba jina lake tu. Ndiyo maana nilikubali Baba Zaina atumie batri yote ya sola kwa ile programu aliipata bure, ya kugeuza maneno kuwa video. Nilitaka kuona Mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, kule kwetu Nyangwe.

Mashine haisikii lugha yetu, basi akaandika Kifaransa. Kutwanga, kwa Kifaransa ni "pile", neno moja na pile, batri ndogo ya radio. Tangu asubuhi ordinatere inanguruma, iko moto kama mbabula ya makaa, mpaka ikatoa video ya sekunde tatu: mwanamuke mwenye meno yote, amesimama kwenye kinu, mikono imejaa mapile ya radio!

Baba Zaina akacheka mpaka machozi. "Mama mukwe ametuletea umeme!"

Mama mukwe wake, na anamucheka!

Mimi naogopa mutoto atashika ule uso kichwani mpaka atakua. Mama alikuwa na pengo.

Batri imebakisha nguvu ya kujaribu mara moja. Pengine sasa itakuwa yeye. Naandika nisisahau: pengo la juu, mbele, mutwangio alikuwa anashika na mukono

Baba Zaina anaita: "Mama Zaina, kuja useme, batri inakufa!" Naenda, lakini ule mukono, kuume ao kushoto, ulikuwa mukono wa