Mtoto Kaulizwa Anamtaka Nani, Akasema Baba

Mshauri Nyamusi, nisaidie kabla sijafanya jambo ambalo ukoo mzima utalizungumzia, mimi nauza mitumba ya watoto soko la Daraja Mbili hapa Kisii, nilizaliwa na kulelewa Nakuru kwa hivyo Kikisii changu ni cha salamu tu, na mume wangu Haron ni dereva wa lori la ndizi, mtu mzuri lakini muda mwingi yuko barabarani na akirudi analala na soksi. Binti yetu Abigael ana miaka tisa, alilelewa kijijini Birongo na nyanya yake hadi mwaka juzi nilipomleta mjini, na nyumbani kwangu nimepiga marufuku Kikisii, ni Kiswahili na Kiingereza tu, kwa sababu nataka afaulu.

Sasa muhula huu alikuja shuleni kwao mtafiti wa chuo kikuu, kijana wa Pwani, eti anapima watoto wa umri huo wamefungamana na nani kihisia, anawauliza mmoja mmoja, ukiogopa unamtaka nani, ukiumwa unamtaka nani, siri yako unampa nani, na mimi nikamvizia langoni nikamng'ang'ania hadi akaniambia, kwa ile sauti ya kumpa mtu habari za msiba, kwamba mtoto wangu karibu kila swali alijibu baba. Baba, mshauri. Mimi ndiye ninayemsuka, mimi ndiye niliyetengeneza ile sanamu ya kutisha ndege waliyoagizwa na mwalimu na ikaniangukia kichwani, halafu mshindi ni mtu asiyejua hata mtoto yuko gredi gani.

Nikaamua kupima mwenyewe. Sabato moja tumetoka kanisani, Haron yuko Nairobi na ndizi zake, nikajiangusha jikoni kama mtu aliyezimia, nimefumba macho, nasikiliza. Abigael alizima gesi kwanza, kisha akanishika mabega akanitikisa huku analia, baba, baba, na mimi kwa hasira nikazidi kulala pale, hadi akakimbia kumwita jirani yetu Roselyne, ambaye alinimwagia beseni zima la maji ya vyombo. Nikainuka nikamwambia mtoto, nenda basi kwa huyo baba yako.

Tangu hapo anaamka kabla yangu, anasimama mlangoni ananitazama kifua, nikienda msalani ananingoja nje, sijui anataka nini. Haron simsemeshi, yeye anadhani nimefunga kwa maombi. Nimeshaongea na shule moja ya bweni upande wa Nyamira, nataka muhula ujao aende huko anitamani kidogo. Je, nitakuwa nimekosea?

Mama Aliyeshindwa, Daraja Mbili

*

Mama Abigael, pole. Sasa keti, kwa sababu pole zimeishia hapo.

Umeolewa na Mkisii na hakuna aliyekuambia? Kwa Ekegusii, hicho Kikisii ulichokipiga marufuku, "baba" ni mama. Mwanamume anaitwa "tata". Mtoto aliyejifunzia kusema kwa nyanya yake Birongo, akiulizwa mambo ya moyoni, hutoa neno lililomwingia kwanza. Mtafiti, na Kiswahili chake kilichonyooka, akaelewa kuwa ni Haron akaenda zake kula chakula cha mchana. Yeye ni mgeni, nitamsamehe. Lakini wewe ulikuwa pale jikoni. Mume yuko Nairobi, mtoto amekushika mabega wewe. Ulidhani anaita nani, sufuria?

Sikuapii kwamba kila jibu lilikuwa wewe. Siri zake huenda anampa kuku wa nyanya. Na hata kama angemtaja Haron, hapo pana ubaya gani? Mtoto wa miaka tisa hafungwi kwa mtu mmoja kama mbuzi kwenye kigingi. Anaenda mbali kucheza, anapata marafiki, anakuringia, kisha mambo yakiharibika anarudi kwa mtu anayemtegemea. Mambo yaliharibika jikoni kwako na akaja kwako, akakukuta umejifanya maiti.

Hapo ndipo nimekukasirikia. Unasema hujui anataka nini mlangoni. Anaangalia kama unapumua. Ameanguka mama, mama akainuka na kumfukuza, na hakuna aliyemweleza kitu, kwa hivyo amejipa kazi ya kukulinda usife. Na dawa uliyomtafutia ni bweni, mahali ambapo hawezi hata kukuchungulia.

Fanya hivi. Ile shule ya Nyamira ipigie simu, waambie umebadili nia. Haron msemeshe, mweleze yote, hata lile beseni. Atacheka, na utamwacha acheke. Marufuku ya Ekegusii iondoe leo hii. Anayehitaji masomo nyumba hiyo ni wewe, na mwalimu unaishi naye.

Kisha jioni, kabla hujaanza kupika, mkalishe Abigael. Mwambie hukuzimia. Ulijifanya, ukakosea, na maneno uliyomtupia hayakuwa ya kweli. Mwambie hakuna alichofanya yeye kikakuangusha. Usilie sana, atadhani ni ugonjwa mwingine. Akishaelewa kwamba ulimtisha bure atakasirika, na ana haki. Huenda akakununia, akakataa hata chapati zako. Mwache anune. Na usithubutu kupimia upendo wake kwa huko kununa.