Mtoto Aliyewafuata Mapacha

Nsemulwa, Jumanne usiku

Hata wakininunia, jina nimeshalisema kliniki leo.

Baba Kulwa alitaka mtoto aitwe Jeisoni, kama yule shujaa wa sinema zake za Kimarekani. Dada yake, niliyeenda naye, naye akakazania: "Mwite Jeisoni bwana, mtoto wa kisasa huyu! Shija si jina la wachunga ng'ombe?"

Nikamwambia, "Kwani wifi, baba yako wewe alikuwa anachunga nini, ndege za Marekani?" Benchi zima la akina mama likacheka.

Zile sinema hata mimi nazipenda, nisijidanganye. Juzi nimelia nazo mpaka uji ukaungua. Lakini kwetu Wasukuma anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija, na Kulwa na Doto hawa hapa, wanagombania kumbeba. Jina amelikuta linamsubiri.

Nilirudi nyumbani na hofu. Baba Kulwa alisikia habari ya jina, akamaliza kula, akawasha sinema yake. Mtoto akaanza kulia, na mimi kwa uchovu hata kunyanyuka siwezi.

Akamchukua mwenyewe. "Haya Shija baba, nyamaza, tuangalie wote."

Nikajifanya nimelala. Nilikuwa nacheka.