Kiyoyozi Kinachomgomea Mkunga

Jumatatu, 3 Februari

Aibu yangu leo. Mkunga kaingia saa nane akitoka zamu, kavua viatu, kaegemeza kichwa kwenye kiti cha nyuma kama kawaida yake. Badala ya kusinzia akaanza kujipepea na gazeti. Kiyoyozi nimekifungua mpaka mwisho, kinavuma kweli — lakini hewa yenyewe vuguvugu. Wiki ya pili hii, tangu jua kali lianze. Gari la umeme, wenzangu walinionea wivu nilipolinunua, na sasa linapika abiria.

Hakulalamika. Alisema tu, kwa ule upole wake wa wodini, kwamba mwenzake ana dereva mwenye gari la baridi kama friji. Ikifika Ijumaa langu halijapona, atahamia kwa huyo. Miguu inamvimba kwa joto. "Usinifikirie vibaya, kaka."

Nikamwambia dada, litapona. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo.

Jumanne, 4 Februari

Asubuhi na mapema kwa fundi. Kapima gesi: imejaa. Kachomoa chujio la hewa — nilitegemea akute panya — safi. Feni safi, kompresa inafanya kazi. Tukakaa ndani wote wawili, kiyoyozi kikiwaka, na baada ya muda akaniomba nipunguze, masikio yanamganda.

"Gari zima hili, mzee wangu. Labda mgonjwa ni wewe."

Saa nane Mkunga akalowa jasho tena. Sikuthubutu kumtazama kwenye kioo.

Jioni binti yangu ananitania. Eti kwa nini shati la asubuhi na la mchana si moja, na la mchana ndilo lenye pasi. Nikamwambia ashughulike na masomo yake.

Jumatano, 5 Februari

Nimefanya uchunguzi wangu. Mama muuza vitambaa, asubuhi: baridi. Babu na mjukuu wake: baridi, mtoto kavalishwa sweta. Mkunga, saa nane: joto. Yaani gari limemchagua yeye!

Nikampigia fundi kwa hasira. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, kabla ya kumchukua huyo mama huwa natoka wapi? Kituo cha kuchaji, nikamwambia. Chaji ya haraka, kila siku, najaza hadi juu ili nisije nikamkwamisha njiani.

Akasema basi mchawi ni mimi. Betri ikichajiwa haraka kwenye jua kali inachemka, na gari linapeleka ubaridi kwenye betri kwanza. Abiria anabakiziwa makombo. Nisichaji kabla yake tu, kwisha habari. Toka hospitali hadi kwake ni karibu, betri yote hiyo naijazia nini?

Nikasema sauti inakatika. Nikakata.

Alhamisi, 6 Februari

Humu hasomi mtu, niseme ukweli. Simpitishi njia ya karibu. Nampitisha kando ya bwawa, tunapanda kilima cha minara, tunateremkia kwa wauza maua. Nauli yake ni ya mwezi, simzidishii hata senti, lakini njia ile inakula betri, na yangu imeshachoka; chaji ya usiku inaishia kwa abiria wa asubuhi. Ndiyo maana najaza.

Huko njiani ananisimulia watoto aliowapokea — yule aliyezaliwa akipiga chafya, yule baba aliyezimia kabla mkewe hajapandishwa kitandani. Anacheka peke yake, ananichekesha na mimi. Tangu mama wa binti yangu atutoke sijawahi kuombea foleni. Sasa naombea.

Nikichaji, joto, anahama. Nisipochaji, baridi, lakini chaji inatosha njia fupi tu — tumekaa, tumefika, asante kaka.

Nimechagua baridi. Nampenda. Haya, nimeandika.

Ijumaa, 7 Februari

Sikuchaji. Mkunga kaingia, kashusha pumzi ndefu, kajifunika mtandio. Raha iliyoje kumwona hivyo. Nikakata kona kushoto, njia fupi.

Akachungulia nje. "Kaka, mbona leo tunapita huku?"

Nikasema nimegundua ni karibu zaidi.

Akasema anajua ni karibu. Kabla hajawa na mimi alikuwa anaipita kwa miguu, miaka. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nikaeleza habari ya betri, chaji, ubaridi — nikajikuta maneno yamenifikisha bwawani na kwenye maua, siwezi kurudi nyuma. Taa zikawaka kijani, sikuondoka. Magari ya nyuma yakapiga honi.

"Geuza," akasema.

Nikamwambia chaji haitoshi, tutakwama kilimani. Akauliza kwani vituo vimefungwa. Nikamkumbusha joto. Akashusha kioo cha dirisha, akatoa kiwiko nje.

Basi tuko kituoni, tunachaji. Yeye kaenda kununua maji, mimi naandika. Fundi kapiga simu, labda anataka kujua kama gari limepona. Sijapokea.

Anarudi na chupa mbili. Miezi yote hii anafungua mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Kaupita. Anakuja mlango wa mbele, na kwenye kiti hicho kuna koti langu, taulo la kufutia vioo, maganda ya karanga — ngoja nitoe, ngoja