Siku Tano Bila Mshindi

Mpendwa mjukuu wangu Divine,

Huku Gitega tu wazima. Bibi yako yuko Bugendana, anavuna maharage. Umeuliza kama ninaelewa matokeo ya kriketi unayonitumia msimu huu, ya wanaume na wanawake.

Nilipohitimu chuo, niliomba kazi kwa Mzee Karim, mwenye duka Muyinga. Redio ilikuwa imetangaza kwamba timu ya kriketi aliyoishabikia imecheza siku tano bila mshindi kupatikana. Kwa kutaka kumpendeza, nikampa pole.

“Pole ya nini, msomi? Tulikuwa tunashindwa, tumeokoka!”

“Mzee, kusema kweli sielewi.”

“Basi keti. Wenzako wote walioomba kazi hii walijifanya wanaelewa.”

Akaniajiri.

Kwa hiyo sioni haya kukuuliza: wanawake wameshinda kwa wiketi sita, hizo wiketi ni za nani?

Babu yako