Kufuli Lisilo na Mdundo

Shoga yangu Mwanaidi,

Sikuulizi hali. Ijumaa nilikuja kaburini kwako Mlingotini, nikakusomea dua, nikang'oa magugu, nikaondoka na maneno yangu mdomoni, kwa sababu Rukia alikuwa pembeni yangu na niliyotaka kusema yanamhusu yeye. Basi nakuandikia.

Mwanao anaolewa. Kijana ni wa Zinga, anauza vifaa vya ujenzi, anaswali, ana masikio makubwa. Ungempenda, ungemcheka kwanza. Somo wake, wa kumfunda, ni mimi, kama ulivyotaka. Kwetu mama hamfundi binti yake mambo ya unyumba, anaona haya, humkabidhi kwa mwingine. Wewe ukaja na ujanja wako. Haya ziko machoni, ukasema, na sauti haina macho. Ukajirekodi kwenye simu, ukaja pale steshenari yangu mjini nikufungie sauti hiyo, asiisikie mtu mpaka siku ya kumfunda Rukia.

Nilikufungia, Mwanaidi. Nilifunga vizuri mno.

Unakumbuka kidole chako? Simu ilikikataa kila ulipokigusisha. Miaka yote ile ya kufunga mwani kwenye kamba, maji ya chumvi yalikwishakula mistari ya vidole vyako. Ukasema, "Hata simu inajua mie si mtu." Ikabidi tuweke neno la siri. Nami nikakuhutubia, unanijua, mtu aliyejifunza kompyuta kwa kusoma vitabu vya wateja wanaokuja kutoa kopi: liwe refu, usiliandike popote, usimwambie yeyote, hata mimi. Ukanitazama kwa jicho lile unalomtazamia muuza samaki anayesifu samaki wa juzi. "Naweka jina la kanga yangu iliyo juu kabisa sandukuni, na mwaka niliomzaa Rukia. Nikifa fungua sanduku, usome."

Ukafa. Arobaini ilipotimia tukagawa nguo zako sadaka. Wanawake wamejaa mkekani, kila mmoja anangoja fungu lake, na aliyelipindua sanduku ni mimi. Mikono miwili, mara moja, ili kazi iende. "Tatu ana haraka, utadhani anafukuzwa," akasema wifi yako. Tukacheka. Maneno yako niliyakumbuka siku nne baadaye, nikiwa natoa kopi ya cheti cha mtu. Cheti kikatoka cheusi.

Nimezifuata kanga hizo. Mlingotini, Zinga, hadi Kiwangwa kwa shangazi yako, ambaye zake mbili alishazikata nepi za mjukuu; jina nililolikuta huko lilikuwa nusu, na lilikokuwa limekaa nisikueleze. Nyingine zimefuliwa mpaka maandishi yamekwenda na sabuni. Kila jina nililopata nimeliandika, nikaongeza mwaka wa Rukia. Kufuli halikufunguka. Mtoto ananiuliza, "Ma mdogo, sauti ya mama iko tayari?" Namwambia asubiri.

Nilikuwa na sababu ya kumwambia hivyo. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliniletea kitabu chake, nikakisoma kuliko nilivyokitoa kopi. Kinasema zinaundwa kompyuta za namna nyingine kabisa, za kwantamu. Mashine yenye nguvu ya kutosha bado haijapatikana, lakini hesabu za kuvunjia makufuli zilishaandikwa zamani, zinaingoja tu: makufuli ya benki, ya serikali, ya simu za watu. Wakubwa wa dunia wanahangaika. Mimi nilifurahi. Nilitoa kopi siku ile huku naimba.

Ningeishia hapo kusoma ingekuwa heri. Makufuli yako namna mbili. La kwanza lina ufunguo mmoja, ule unaofunga ndio unaofungua. La pili lina funguo mbili: mmoja unaugawa hadharani, yeyote aweze kukufungia ujumbe, na mwingine unabaki nao wewe wa kufungulia. Kufuli hili la pili mara nyingi linategemea namba kubwa iliyopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili. Kuzidisha ni rahisi. Kuzipata tena zile mbili, umri wa mtu hautoshi. Mashine hiyo haijaribu funguo zote kwa mpigo, kama wanavyosema vijana. Ndani ya hesabu ya namba ile kuna mwendo unaojirudia, nayo inausikia, kama wewe ulivyokuwa ukisikia ngoma kutoka mbali ukasema hilo vugo, kwa fulani wanaoza. Ikishaushika mdundo, kufuli limekwisha.

Lako ni la kwanza, Mwanaidi. Halina mdundo. Mashine itafupisha kubahatisha, lakini neno lako refu, na mimi kwa ufundi wangu nilikuchagulia kufuli gumu kuliko yote.

Jumbe zetu za simu ndizo zilizopita kwenye lile la pili. Na wapo watu, nimesoma, wanaokusanya yaliyofungwa leo na kuyaweka stoo mpaka mashine ije. Kwa hiyo ninalolia lifunguke litakaa vilevile, na ninaloomba lifukiwe litafukuliwa.

Unaujua ujumbe wenyewe. Ulinieleza juu ya uvimbe kwenye titi. Nikakuandikia: usiwatie watu hofu, subiri Ramadhani ipite ndipo uende hospitali. Ikapita. Nikakuandikia tena, subiri tuvune mwani. Ulinisikiliza kwa kuwa kati yetu mimi ndiye msomi. Msomi wa vitabu vya watu.

Na Rukia aliponipa simu yako nimtolee picha, kabla ya picha nilifuta mazungumzo yetu. Yote. Kisha nikamtolea picha.

Sasa nani atapoteza muda wa mashine ya namna ile asome habari za Tatu wa steshenari? Hakuna. Hilo nililijua tangu mwanzo. Nimekaa miezi naihofia mashine ambayo haitanitafuta kamwe, kwa sababu kuiogopa ni rahisi kuliko kumtazama mwanao usoni. Ana macho yako. Anatazama vilevile, kwa jicho lile la samaki wa juzi.

Jumamosi anaingizwa ndani kufundwa. Kabla sijamfunda lolote nitamwambia mambo mawili. Sauti ya mama yake nimeipoteza mimi, kwa mikono hii. Na mama yake alichelewa hospitali kwa neno langu, kisha neno lenyewe nikalifuta. Akitaka somo mwingine, wifi yako yupo, na yule hana haraka.

Pumzika, Mwanaidi. Sikuombi unisamehe, maana sina pa kulisikia jibu. Nakuahidi moja tu: mwanao sitamwambia tena asubiri.

Shoga yako,
Tatu